Bunduki ya Jicho la Kulia

Jumapili, tarehe 12 Machi 1978, saa tatu kamili asubuhi, wanachama tisa wa chama cha wawindaji wa bata waliketi juu ya magunia ya saruji katika ghala la Mwenyekiti wao. Wanachama wote walikuwa tisa. Kwa hiyo hakuna aliyetoa udhuru. Mbwa wa chama, aliyepewa jina la Posta kwa sababu alifikisha kila alichotumwa, ijapokuwa mara nyingine kwa kuchelewa, alilala kizingitini na hakuhesabiwa. Karani wa posta, aliyekuwa mmoja wa wale tisa, alikwisha kulilalamikia jina hilo kwa maandishi, na malalamiko yake yalikwisha kukataliwa kwa maandishi.

Mwenyekiti, ambaye siku nyingine sita za juma aliuza saruji, misumari na mabati, alivaa miwani, akafungua daftari lenye jalada gumu, akasoma kanuni ya nne:

“Mwanachama atakayemjeruhi ndege na kumpoteza ataandikiwa alama moja. Atakayefikisha alama tatu katika misimu miwili ataweka bunduki chini, wala hatakuwa na rufaa.”

Kanuni hiyo ilikuwa na umri sawa na chama chenyewe. Waanzilishi waliitunga baada ya kukuta matetani, mwisho wa msimu mmoja, bata kumi na wanne waliovunjika mbawa na kufa kwa njaa, nao wakaona haya. Kumkosa ndege kabisa hakukuwa kosa. Marisau, zile chembe ndogo za risasi zinazotawanyika hewani, yakipita pembeni humwachia ndege uhai wake. Kosa lilikuwa kumpiga nusu nusu.

Wote walijua kanuni inasomwa kwa ajili ya nani, na wote wakatafuta pa kutazama.

“Mwenyekiti, soma polepole,” akasema sauti moja kutoka nyuma. “Shemeji yangu haoni vizuri, asije akasikia vibaya pia.”

Aliyesema alikuwa mchomeleaji wa vyuma mwenye mikono ya chuma na ulimi wa pamba iliyochovywa pilipili, mdogo wa kiume wa mke wa Fundi. Chama kizima kilimwita Shemeji, ingawa shemeji yake alikuwa mmoja tu, naye ni huyo Fundi aliyekuwa akisomewa.

“Fundi, una alama mbili za msimu uliopita,” alisema Mwenyekiti. “Miaka yote kabla ya hapo hukuwa na hata moja. Una la kusema?”

“Bunduki hainikai,” alijibu Fundi.

“Haikukai leo, baada ya miaka ishirini na minne?”

“Nguo hubaki ileile, Mwenyekiti. Kinachobadilika ni mwili.”

Watu walicheka, kwa kuwa lilikuwa jibu la mshonaji, na kikao kikafungwa.

Fundi alikuwa fundi cherehani. Mjomba wake alimwingiza kazini akiwa na miaka kumi na mmoja. Akaanza kwa kuokota pini sakafuni, akapanda hadi vifungo, akapanda hadi mapindo, na alipokabidhiwa mkasi wa kukatia alikuwa tayari ana ndevu. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa amezishonea sare shule tatu, amewavika maharusi asioweza kuwahesabu, na aliwahi kushona suti moja ya maziko ambayo mwenyewe alikuja kuichukua kwa miguu yake, akaivaa miaka tisa. Maisha yake yote yalikuwa shubiri moja mbele ya pua: sindano, uzi, chaki, kastabini. Rafiki alipompeleka bwawani kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka thelathini na tisa, aliinua uso akaona vidoti juu ya maji ya mbali. Vidoti vikawa mstari, mstari ukawa mbawa, na mbawa zikapita juu ya kichwa chake zikipiga mluzi. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo macho yametolewa kifungoni. Tangu siku hiyo alishona wiki arobaini na saba kwa mwaka, na wiki tano zilizobaki alitazama mbali.

Jambo ambalo hakuliambia ghala lile ni lile aliloambiwa na daktari wa macho mwezi wa Januari. Daktari hakumung’unya maneno. Jicho la upande wa kuume lilikuwa limekwenda. Lilibagua mwanga na kivuli, basi. La kushoto lilikuwa limeanza kulifuata, na dawa ya matone ingelichelewesha tu, haingelizuia. Fundi aliuliza ni muda gani, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda vipimo. Akaambiwa: mwaka, au pungufu. Msimu wa bata ungefunguliwa Julai. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata asiyejua hesabu angeiweza: ulikuwa msimu mmoja, na baada yake hakuna. Alitaka kuumaliza akiwa miongoni mwa wale tisa. Hakutaka lingine.

Mkewe ndiye pekee aliyeambiwa, naye aliupokea msiba huo kama alivyopokea mengine, kwa kuutania. Jicho bovu alilipa jina la “la kulala”. Jicho zima, yaani la kushoto, ambalo tangu kuanza kutiwa dawa lilichuruzika machozi tangu asubuhi hadi jioni, aliliita “la kulia”.

“Kulia machozi, siyo kulia chakula,” alifafanua siku ya kwanza.

“Mama, utaniua kwa kicheko kabla ya hili jicho kufa.”

“Afadhali ufe unacheka. Inua uso, niliwekee dawa hilo la kulia.”

Mzaha ukawa jina, na jina likawa mazoea. Kabla ya mwezi kwisha, hakuna aliyecheka tena walipolitamka. Fundi akisema asubuhi, “La kulia linawasha,” mkewe alichukua chupa ya dawa na kwenda upande wa kushoto bila kufikiri.

Jumapili, tarehe 2 Aprili, Mwenyekiti, Shemeji na karani wa posta walifika kwenye chumba cha kushonea, kila mmoja na bunduki yake ndani ya mfuko wa turubai, ili Fundi azijaribu na kuchagua. Mkewe alikuwa ameketi chini ya dirisha akitunga uzi kwenye sindano za wiki nzima na kuzipanga juu ya kipande cha sponji, maana mumewe hakuweza tena kuitunga hata moja.

“Zote ziko tupu?” aliuliza.

“Tupu kama ahadi za mdogo wako,” alisema Mwenyekiti.

“Dada, unasikia ninavyotukanwa nyumbani kwako?”

“Nasikia. Endelea, Mwenyekiti.”

Palikuwa na kioo kirefu ambamo wateja walijitazama wakati wa kupimwa. Mwenyekiti alimsimamisha Fundi mbele yake, akamweleza njia ya kuijua bunduki inayomkaa mtu: fumba macho, inua bunduki begani kama ulivyozoea, laza shavu, kisha fumbua. Jicho linalolenga likionekana kiooni katikati kabisa, juu ya mtutu, bunduki hiyo ni yako. Likiwa kando, ni ya mwingine, hata kama umeirithi.

“Miaka arobaini nimewapima watu mbele ya kioo hiki,” alisema Fundi. “Kumbe nami zamu yangu ilikuwa inakuja.”

“Simama wima, mteja,” alisema Shemeji. “Kiuno tunakipunguza au tunakiacha?”

Alianza na bunduki ya karani. Ilikuwa nyepesi na nzuri, mitutu miwili mmoja juu ya mwenzake, namba ishirini.

“Hiyo itakuwa na nguvu kuliko ya Mwenyekiti,” alisema mke wa Fundi, “kama ya Mwenyekiti ni namba kumi na mbili.”

“Kinyume chake, mama,” alisema karani. “Namba ikipanda, tundu la mtutu linapungua. Ya ishirini hubeba marisau machache.”

“Basi mnahesabu bunduki kama mnavyohesabu umri wenu.”

Fundi aliitua ya karani. Marisau machache yaliwafaa watu wenye macho. Akaijaribu ya Shemeji, ya mtutu mmoja, ambayo mwenyewe alikiri kwamba ilirusha bega kama punda aliyetukaniwa mama. Hiyo nayo aliitua. Bunduki ya mtutu mmoja humpa mwindaji neno moja tu, na Fundi alihitaji maneno mawili: la kwanza la kuua, na la pili la huruma, iwapo la kwanza halikutosha. Ilibaki ya Mwenyekiti, namba kumi na mbili, mitutu miwili sambamba, wa kwanza ukiwa na kinywa kilicho wazi kwa ndege wa karibu na wa pili kinywa kilichobanwa kwa ndege anayekwenda zake. Uzito wake ulitulia mkononi. Fundi alifumba, akainua, akalaza shavu, akafumbua.

Akaishusha, akafumba tena, akainua mara ya pili.

“Unaona nini?” aliuliza Mwenyekiti.

“Naona jicho lililokufa limekaa kiti cha mbele, na lililo hai limesimama pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa.”

“Basi hamishia bega la kushoto.”

“Mtulinga,” alisema mkewe bila kuinua uso. Mfupa huo, ulio kati ya shingo na bega, Fundi aliuvunja ujanani alipoanguka kutoka juu ya paa, nao uliunga kombo. Usingestahimili kishindo cha bunduki hata mara moja.

Hapo Mwenyekiti akatoa maarifa aliyokuwa ameyahifadhi, nayo yalikuwa maarifa ya kweli. Katika mji mkuu palikuwa na fundi bunduki aliyejua kutengeneza kitako kilichopindwa shingo: mwisho wake unakaa bega la kuume, lakini mti unajikunja chini ya shavu hata mitutu ikaja kukaa mbele ya jicho la kushoto. Fundi angempelekea bunduki yake kuukuu, pamoja na kibali, naye angempa nyingine, namba kumi na mbili, ya mitutu miwili, iliyokatwa kwa vipimo vyake.

“Nimwandikie kwamba nataka kitako kipindwe?”

“La, hasha! Ana fomu. Jaza bega, jaza jicho, jaza urefu wa mkono na wa shingo. Akiona bega na jicho havilingani, atakipinda mwenyewe. Usimfundishe kazi.”

Neno hilo lilimwingia Fundi, maana katika maisha yake hakuna mteja aliyemchosha kama yule anayekuja na kitambaa mkononi na ushauri mdomoni, akionyesha mahali pa kuweka mfuko. Aliazimia kuwa mteja wa aina aliyoipenda, yaani mteja anayetoa vipimo sahihi na kufunga mdomo.

Fomu ilifika baada ya siku kumi. Maandishi ya Fundi yalikuwa yameanza kupanda kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kalamu aliishika mkewe, naye Fundi alijipima mwenyewe kwa utepe wa kushonea na kutaja tarakimu kwa sauti: kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kidole cha kufyatulia, kutoka begani hadi shavuni, upana wa kifua.

“Bega analotumia mteja,” alisoma mkewe.

“La kulia.”

“Jicho analolengea.”

“La kulia,” alisema Fundi, akilifuta kwa leso.

“La kulia,” alirudia mkewe, akaandika kwa mkono wake safi wa duara, kama alivyofundishwa shuleni.

Kwa kuwa kitambaa kikikatwa hakiungiki, Fundi alikuwa na desturi ya kusomewa vipimo mara mbili kabla ya kugusa mkasi. Akataka asomewe. Mkewe akamsomea. Akataka asomewe tena. Mkewe, akiguna, akamsomea tena. Mara zote mbili Fundi alisikia ukweli mtupu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na bahasha ikafungwa kwa mate.

Mwezi wa Mei karani wa posta alihamishiwa kituo kingine. Waliagana naye ghalani. Akaondoka akisisitiza kwamba, sasa akiwa hayupo, heshima ya mbwa yule ndiyo imepanda, maana ndiye posta pekee aliyebaki.

Bunduki ilifika Jumatano, tarehe 28 Juni, siku tatu kabla ya kufunguliwa kwa msimu. Fundi aliifungua juu ya meza ya kukatia. Mkono wa mwenye kazi ulionekana kila mahali: mti wa hudhurungi wenye mishipa iliyopakwa mafuta hata ikang’aa, viungo visivyopitisha hata kucha, kidoti cha shaba mwisho wa mtutu kisichozidi punje ya mtama. Alipitisha vidole kwenye kitako kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyokagua mshono, vidole vikamwambia kabla ya macho. Kitako kilikuwa kimenyooka.

Alikwenda mbele ya kioo. Akafumba, akainua. Bunduki ilipanda begani kana kwamba ilizaliwa hapo. Haikupungua wala kuzidi. Akafumbua. Juu ya mtutu, katikati kabisa, lilimtazama jicho la kulala.

“Mama, njoo.”

Mkewe alikuja na sindano mdomoni.

“Uliandika nini kwenye ile fomu, kwenye jicho?”

“Ulichosema.”

“Nilisema nini?”

“La kulia. Ukanifanya nikusomee mara mbili kama mtoto wa...” Akaitoa sindano mdomoni. “La kulia,” alisema tena, polepole, na safari hii alilisoma neno lile kama angelisoma mtu wa mji mwingine, mwenye meza, taa na fomu, asiyewajua.

Barabarani alipita mtu akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

“Jina nililitunga mimi,” alisema mkewe.

“Na mimi niliitikia.”

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda kupiga simu. Fundi bunduki alikuwa mtu wa adabu. “Mzee wangu, uliandika bega la kulia, jicho la kulia. Ndivyo walivyo watu tisa katika kumi. Ningejuaje?” Fundi naye maisha yake yote alikata kilichoandikwa. Aliuliza kitako kipya kingechukua muda gani. Wiki kumi, aliambiwa, maana mti hupindwa kwa mvuke na mvuke hauna haraka. “Lakini usijali, mzee, kitakuwa tayari kwa msimu ujao.” Fundi alimshukuru, akamtakia kazi njema, akakata simu. Hakuona faida ya kumweleza mtu wa mbali kwamba huo msimu ujao haukuwamo katika hesabu zake.

Jioni ile alishona mto wa bega, tabaka nne za sufi na moja ya ngozi, akajaribu bega la kushoto kwenye uwanja wa nyuma wa karakana ya Shemeji, akilenga rundo la mchanga. Alipiga risasi moja. Shemeji alimwinua kutoka chini, akamfuta vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na utani wa kumpa.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi, tarehe 1 Julai. Wanane walisimama ndani ya vibanda vya matete kwenye ukingo wa bwawa, wawili wawili, maji yakifika magotini. Fundi alisimama na Shemeji. Siku hiyo alifyatua mara kumi na moja. Alipolifumba jicho la kulia alibaki gizani, na alipolifumbua liliuvuta mtutu kuelekea kwake, kwa hiyo kila risasi ilikwenda kushoto kwa ndege, na kila ndege akaendelea na safari yake. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, mara tisa.

“Kukosa si kosa,” Mwenyekiti alimwambia walipokuwa wakikausha miguu. Alisema kwa upole na kwa makusudi, na Fundi alimwelewa: angeweza kufyatua hewani wiki zote tano, asijeruhi kitu, na daftari lisingemgusa. Alilifikiria jambo hilo juma zima, mguu wake ukikanyaga cherehani kwa mazoea. Likamtia uchungu. Mtu anayesimama majini na bunduki asiyokusudia kumpiga nayo ndege ni sawa na mshonaji anayekanyaga cherehani isiyo na uzi: kelele ipo, nguo haipo. Alitaka kubaki miongoni mwao akiwa mwindaji, siyo akiwa pambo.

Jumamosi ya tatu, tarehe 15 Julai, Shemeji alikuja na rai.

“Nimekutazama, Shemeji. Unapiga kushoto kwa upana wa mlango mmoja, kila mara, kama umepima. Basi lenga upana wa mlango mmoja kulia.”

“Kulia ipi?”

Walicheka, wakabana vinywa wasiwashtue ndege.

Bata walikuja saa moja kasorobo, watano, chini chini, wakikata upepo. Fundi aliinua bunduki, akampa wa kwanza upana wa mlango, akafyatua. Upande wake Shemeji naye akafyatua wakati uleule. Ndege mmoja alianguka mbele yao kama jiwe, akatulia. Mwingine aliyumba, ubawa mmoja ukaning’inia, akashuka mbio kuelekea ng’ambo ya mfereji. Fundi alimfuatisha mtutu wa pili, ule aliouchagua kwa ajili ya huruma, akafyatua. Maji yalirushwa juu kushoto kwa ndege, kwa upana wa mlango mmoja. Katika haraka alisahau kuupima. Ndege akaingia matetani.

Posta alitumwa. Alitafuta kwa saa moja na dakika kumi, akizunguka, akirudi, akipiga chafya. Wanane wote walitoka vibandani wakatafuta pamoja naye, wakiyapasua matete kwa mikono. Mwishowe mbwa alitoka majini, mdomo mtupu, akajikung’uta, akalala miguuni pa Mwenyekiti.

“Ni wangu huyo,” alisema Shemeji kwa sauti kubwa. “Aliyejeruhiwa ni wangu. Niandikie alama moja, Mwenyekiti, ndiyo ya kwanza. Yule aliyekufa mbele ni wa shemeji yangu.”

Mwenyekiti alimtazama Fundi. Wengine walitazama maji. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa mpira, na hakuna mtu aliyekuwa na haraka ya kulitoa.

“Shemeji,” alisema Fundi, “bunduki yako ina mtutu mmoja.”

“Ndiyo, kwani vipi?”

“Yule wa ng’ambo alipigiwa risasi ya pili na yuleyule aliyempiga ya kwanza. Wote mliisikia.”

“Mwangwi ule.”

“Nimekushonea nguo tangu ulipomfuata dada yako kwetu ukiwa na suruali ya kuazima. Najua mwili wako unavyokaa ukisema uongo. Usinivalishe joho la mtu mwingine.”

“Mzee mbishi wewe!” Sauti ya Shemeji ilikatika katikati. “Nani kakuuliza? Mwenyekiti hakuuliza. Mbwa hakuuliza. Nyamaza mara moja tu maishani mwako, tumalize hizi wiki tatu!”

“Wa tatu,” alisema Fundi kwa Mwenyekiti. “Andika.”

Mwenyekiti alitoa daftari. Alitafuta kalamu katika mifuko yote, hata ile aliyojua haina kitu. Akaandika tarehe, akaandika saa, na alipofika kwenye jina mkono wake ulisimama, kisha ukaandika.

Fundi aliifungua bunduki, akatoa maganda mawili yaliyokwisha kulipuka, akaifunga, akailaza juu ya matete yaliyokatwa. Kisha akavuka mfereji peke yake, maji yakampanda hadi kiunoni, akaendelea kumtafuta yule ndege mahali ambapo mbwa alikwisha kutafuta. Alitafuta kwa mikono, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda usawa wa uso na jicho lake lilijaa maji, hakuona kitu. Shemeji alisimama ukingoni akimwita. Baada ya nusu saa akaacha kumwita, akaingia majini, akamshika mkono, akamtoa.

Kanuni haikutoa rufaa, na hakuna aliyeomba. Bunduki ilirudishwa kwa fundi bunduki wa mji mkuu pamoja na kibali chake. Mwezi wa Septemba chupa ya dawa ilikwisha, daktari akasema hakuna haja ya nyingine. Cherehani ilifunikwa shuka. Mkewe sasa alilitaja kila jicho kwa upande wake, kuume na kushoto, kama wanavyofanya watu wengine, ingawa kufikia wakati huo yote mawili yalikuwa gizani, na halikuwapo tena la kulitenga na mwenzake.

Msimu ule wa 1978 ulikuwa umefungwa Jumamosi, tarehe 5 Agosti. Wanachama walioanza mwaka walikuwa tisa. Aliyehamishwa ni mmoja, karani wa posta. Aliyeweka bunduki chini ni mmoja, Fundi. Waliobaki ni saba: Mwenyekiti, mwokaji mikate, mpiga picha, ndugu wawili wenye karakana ya magurudumu, mwalimu mstaafu wa hesabu, na Shemeji.